Redio ya Komora na Vipuli vya Bi Esha

Mmenichosha na simu zenu. Haupiti mwezi bila kijana wa Tarasaa au wa hapa hapa Garsen kuja kuketi kwenye baraza yangu, akatoa simu mfukoni, akaifuta kwa shati, akaniuliza, "Babu Shee, niiuze au niiweke rehani?" Utadhani bado niko kazini! Kazi niliiacha zamani, na meno nayo yameniacha. Lakini swali hilo ndilo lililonilisha ujana wangu wote, na kila nikilisikia namkumbuka mtu aliyenifundisha namna ya kulijibu. Basi kaeni vizuri. Leo nitasema mara moja kwa wote, tusije tukasumbuana tena.

Mimi ni mtu wa Kau. Ufundi wa redio nilijifunza Mombasa, kwa fundi mmoja mkali sana ambaye ukiunguza waya alikuwa akikutukana mpaka majirani wanakuonea huruma. Miaka ile ya hamsini nikarudi kwetu mtoni, nikapata kazi Garsen katika duka la Bwana Abdalla, pale karibu na kivuko. Daraja halikuwepo. Kulikuwa na pantoni la kuvutwa kwa kamba, na wavutaji walikuwa wakiimba huku wakivuta, magari yakisubiri ng'ambo zote mbili. Dukani mbele kulikuwa na sukari, majani ya chai, kaniki, majembe, mafuta ya taa. Nyuma kulikuwa na chumba cha rehani, na mwenye chumba hicho hakuwa Bwana Abdalla. Alikuwa mkewe, Bi Esha wa Kipini.

Wacha niwaambie, nimefanya kazi na watu wengi, sijaona mwingine kama yule mwanamke. Alikuwa mwembamba, sauti yake ya chini, na masikioni alivaa vipuli vya dhahabu alivyopewa na mamake siku ya harusi. Hakuvivua kwa kuoga wala kwa kulala. Redio hakujua kuifungua, hiyo ilikuwa kazi yangu. Yeye kazi yake ilikuwa kumfungua mwenye redio, na wallahi alimfungua mpaka skrubu ya mwisho.

Riba haikuingia duka lile. Ukiweka kitu rehani ulipewa bidhaa za kama nusu ya thamani yake, ukaenda zako, na ukirudi na deni ulikomboa kitu chako kama kilivyokuwa. Faida ya duka ilikuwa imo humo humo kwenye bei ya sukari. Ukiuza, ulipata zaidi, hapo hapo, lakini ukishavuka kizingiti kitu si chako tena, hata ukilia. Sasa mnaona ugumu wake. Rehani inakubakishia chombo chako na inakupa kidogo. Kuuza kunakushibisha leo na kunakuachia mikono mitupu.

Mali nyingine ilikuwa rahisi, cherehani, saa ya mkono, taa ya pampu. Redio ndiyo ilikuwa na maneno. Redio za siku hizo zilikuwa masanduku ya mbao, ndani zina valvu za kioo kama globu ndogo, na zilikula betri nzito kama tofali. Ikiletwa, jambo la kwanza sikuiwasha. Niliinusa. Ndiyo, cheka tu, lakini hata leo simu yako ikinuka kuungua usimpe mtu hela yako. Niliinusa, nikaitikisa polepole kusikiliza kama kuna skrubu iliyoachia au kombamwiko aliyehamia, kisha nikafungua mgongo. Na ikiwa inawekwa rehani, kabla ya yote nilitoa betri. Betri ikiachwa ndani inatapika, na matapishi yake yanakula chuma. Haya yaandikeni vichwani mwenu, maana naona mnavyoacha betri kwenye tochi mwaka mzima halafu mnamlaumu Mchina.

Kulikuwa na mvutaji mmoja wa pantoni, Mpokomo wa hapa karibu, bahati yake ikamwangukia akapata redio nzuri. Ikaja misimu ya unyevu, akaogopa itaota ukungu. Sasa nyinyi mnajua kwetu mbegu ya mahindi tunaiweka wapi isiliwe na wadudu. Tunaitundika juu ya meko, moshi uipige. Basi naye akaitundika redio juu ya meko! Akaniletea baadaye, nta yote ya ndani imeyeyuka, imetiririka kama mshumaa, redio inanuka samaki wa kuchoma. "Fundi," akaniambia kwa fahari, "mdudu hata mmoja hamna." Bi Esha aliingia chumba cha ndani akacheka huko, maana hakupenda kumcheka mtu machoni pake. Alipotoka akamwambia kwa upole kwamba ameitunza vizuri sana, ila ameitunza kama mbegu. Mtu yule hakuona haya, na alikuwa mteja wetu mpaka mwisho.

Lakini lililokuwa la Bi Esha peke yake, ambalo sijaliona Mombasa wala Malindi, ni hili. Hakuchukua kitu siku kilipoletwa. Hata uwe unalia. Alikuwa akisema, "Kiwate hapa. Wende kwako, ule, ulale bila yake. Kesho ndoo unambie." Hapo alikuwa akisema Kiamu chake, maana akimhurumia mtu lugha ya nyumbani ilimtoka yenyewe. Kiache hapa, nenda ukalale bila hicho chombo, kesho njoo uniambie. Na asubuhi alimtazama mtu anavyokuja. Kuna aliyekuja amepumzika uso, kama aliyetua mzigo, huyo alikinunua chombo chake. Kuna aliyefika kabla hatujafungua mlango, anachungulia ufa kuona kama chake kipo, huyo hata angesema "nauza" alimwekea rehani. Bwana Abdalla alilalamika kwamba wateja wanakimbilia kwingine. Bi Esha akamjibu kwamba wanaokimbia hurudi wakilia kwetu, na ni kweli walirudi.

Sasa nije kwa Komora.

Mwaka huo mto ulifurika vibaya. Masika yalikuwa makubwa, na maji ya juu yakaja yakatukuta. Vijiji vilihamia kwenye miinuko, mitumbwi ikawa inapita juu ya mashamba. Maji yalipoanza kupungua, akaja Komora wa kijiji cha Hewani na mkewe, Mama Buya, wamekwea mto kwa mtumbwi, na redio imefungwa kwa turubai kifuani mwa mke. Komora alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya kupakua meli bandarini Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi shambani. Redio ile ndiyo kitu pekee alichorudi nacho. Nilipoifungua nilifurahi, maana ilikuwa safi kama imetoka kiwandani jana.

"Maji yamechukua ghala," Komora akasema. "Mpaka mbegu."

Nyinyi mliozaliwa na mahindi ya kununua labda hamjui maana ya neno hilo. Mto ukirudi nyuma unaacha tope jeusi, tamu, na Mpokomo hupanda humo humo likiwa bichi. Ukichelewa mpaka tope lipasuke, umekosa, mwaka wako umekwisha. Komora alikuwa na tope, hana mbegu, na nyumbani watoto wanakula mizizi ya mayungiyungi. Alihitaji mbegu mara moja, na chakula cha kuwavusha mpaka mavuno.

Na mnunuzi alikuwepo, ndio ubaya wake. Dereva wa lori la Lamu alikuwa amekwama kwetu akisubiri barabara ya ng'ambo ikauke. Akaiona redio juu ya kaunta, macho yakamtoka. Akataja bei nzuri. Sikumwona mbaya, bei ilikuwa ya haki: mbegu zingetoka humo, na unga wa kufika mavuno, na kikabaki kidogo. Rehani ingetoa mbegu peke yake. Mbegu bila unga, miezi mizima.

"Mimi nimemaliza," Komora akasema. "Mpe."

"Hamjamaliza," Bi Esha akasema. "Iwateni hapa. Mukalale."

"Bi Esha, tope halilali!"

"Usiku mmoja halitapasuka. Nendeni kwa jamaa zenu hapo, nitawapa unga wa jioni hii, si deni."

Dereva akacheka akasema mwanamke huyu anauza dukani kama anamwoza binti.

Alasiri hiyo niliwasha redio kuijaribu, waya wake wa kunasia sauti nimeutupa juu ya mti wa mkoma. Alikuwepo pale Mworma mmoja aitwaye Galgalo, mzee wa ng'ombe wengi, aliyekuja na wake zake kuuza maziwa. Waorma walikuwa wameanza kushuka tena mtoni kufuata majani yaliyoachwa na maji. Ikasikika sauti ya mtu anasoma Kurani, inatoka huko Mombasa, safi, haikwaruzi. Galgalo akaketi chini. Wakeze wakamaliza kuuza, wakamwita, hakusikia. Ng'ombe wake wawili wakaingia kwa jirani wakala paa la makuti, watu wakapiga kelele, yeye kainamisha kichwa tu. Kisomo kilipokwisha akapangusa macho bila kujificha, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Huyu mtu nakaa wapi?"

Nikamwambia yuko Mombasa.

"Kule kwetu porini maalimu alikufa. Watoto hapana sikia Kurani." Akaigusa redio kwa kidole. "Hii nakula nini?"

"Betri," nikamwambia.

"Kila siku?"

"Ukiisikiliza kidogo kidogo, betri moja inakaa."

"Basi si mlafi," akasema. "Ng'ombe yangu iko mlafi."

Bi Esha alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Nilimwona ameuachia ungo, anamtazama Galgalo.

Asubuhi tulifungua duka tukamkuta Mama Buya ameketi kwenye ngazi, peke yake. Komora alikuja nyuma yake amekunja uso. Bi Esha akauliza wamelalaje.

"Nauza," Komora akasema. "Watoto hawali sauti."

"Na wewe, Mama Buya?"

Mama Buya alikuwa hajasema neno tangu jana. Akasimama. "Mimi sikuulizwa. Lakini kama naulizwa, asiuze. Yeye anasema hii ni kazi yake ya Mombasa. Na mimi je? Miaka yote hiyo nililima peke yangu, nikazika mtoto peke yangu, nikiamka namwambia Mungu amrudishe. Alirudi na hii. Hii ni miaka yangu mimi vile vile. Akiiuza kwa dereva, itaondoka na lori, na mimi nitabaki sina hata cha kuonyesha kwamba nilingoja."

Komora alimtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akaketi ngazini, jibaba zima lililobeba magunia ya bandarini. "Hukuniambia," akasema.

"Hukuniuliza," akajibu.

Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Basi lilikuwa hivyo: akiuza, nyumba inashiba na mwanamke huyo anapokonywa miaka yake. Akiweka rehani, mbegu zipo, watoto wanalala na njaa. Dereva yuko nje anapasha moto injini, maana barabara imekauka. Mngefanyaje? Mimi fundi niliona hakuna njia.

Bi Esha akamwita Galgalo, aliyekuwa amelala hapo kivukoni kusudi asikie kisomo tena. Akamwuliza, "Mzee Galgalo, kwenu mtu akipatwa na msiba, hana ng'ombe, mwamfanyaje?"

Galgalo akaona swali la kitoto. "Tunampa ng'ombe ya maziwa. Anakamua, watoto nakunywa. Ng'ombe iko yangu, maziwa iko yake. Akipata nafuu, anarudisha."

"Na ng'ombe akifa mkononi mwake?"

"Mungu ameua. Kama si uzembe, hapana dai."

"Basi huyu Komora ana ng'ombe wa mbao," Bi Esha akasema. "Atakupa umkamue. Na wewe umpe wa kwato, watoto wake wanywe. Mpaka mahindi yakauke. Yake yake, yako yako."

Galgalo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akampa Komora mkono.

Tatizo likawa Bwana Abdalla. Alitoka ndani na miwani yake. "Esha! Mbegu za duka zinatoka kwa dhamana ya redio. Redio inakwenda porini. Sasa rehani yangu iko wapi? Nimeshika nini mimi?" Na alikuwa na haki, msimcheke. Rehani ni kitu kilichoko mkononi mwako. Rehani inayotembea na ng'ombe si rehani.

Bi Esha alinyanyua mikono, akavua kipuli cha kulia, akavua cha kushoto. Vilikuwa vimekaa siku nyingi mpaka kimoja kikamtoa machozi. Akaviweka kiganjani mwa mumewe. "Hivi hapa. Redio isiporudi, viuze."

Bwana Abdalla alibaki amesimama, mkono wazi. "Vya mamako," akasema.

"Ndivyo nilivyonavyo."

Wanangu, nimeishi sana. Nimewaona mahakimu na masheha na wabunge. Sijamwona mtu mkubwa kuliko yule mwanamke siku ile, mlangoni pa chumba cha rehani, masikio matupu. Mbegu zikapimwa, dereva akaondoka na lori lake akitukana tope, na Komora akashuka mto na mkewe. Kesho yake ng'ombe mwekundu na ndama wake wakafuata kwa miguu ukingoni.

Mimi nikatumwa na redio nyikani kwa Galgalo, kuifunga na kuwafundisha. Nilitupa waya juu ya mgunga, nikawasha, ndama wakakimbia, na bibi mmoja kizee akaitikia salamu ya msoma habari na kumwuliza hali ya watoto. Nikamwonyesha Galgalo mambo yote. Usiwashe siku nzima. Ukihama, toa betri, ifunge mbali. Na usiitundike juu ya moto! Hilo nilimwambia kwa kidole. Akanisikiliza kama mwanafunzi, akarudia kila neno kwa Kiorma kwa wakeze. Betri ilipopungua, alileta samli dukani akabadilishana na nyingine.

Komora alipanda. Mahindi yakatoka marefu mno, ya tope jipya. Watoto wa Hewani waliopitia dukani walikuwa na mashavu, na Mama Buya mwenyewe aliniambia ng'ombe anakamuliwa mpaka majirani wanapata. Ikawa furaha. Kisha mvua za vuli zikawahi. Nyika ikachipua kabla ya mahindi kukauka, na Waorma wakang'oa nyumba zao wakaondoka na mifugo, mbali huko. Galgalo akaondoka nao, na redio.

Komora akavuna, akaja na mitumbwi miwili, akalipa deni lake lote. Aliposema "nipeni redio yangu", tukatazamana.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Dereva yule alirudi, akapata hadithi ya kueleza kila kivuko. "Nilitoa pesa taslimu, wakampa Mworma wa porini!" Watu wa hapa wakasema ng'ombe mmoja kwa redio, mzee kafanya biashara nzuri, harudi. Tulialikwa harusi Kipini, Bi Esha akaenda na masikio yake matupu vile vile. Wanawake wenziwe walimtazama pale, na hakuna aliyeuliza, ndiyo mbaya zaidi. Bwana Abdalla alitaka kumrudishia vipuli, nilimsikia kwa masikio yangu akimbembeleza. Akakataa. Alisema alichoweka rehani kinakombolewa, hakiombwi.

Komora ndiye aliyenishangaza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ng'ombe wake yuko kwangu. Namwona kila asubuhi. Mtu hamwachi ng'ombe kama yule." Lakini Mama Buya kila tulipokutana aliniuliza kwa macho.

Mto ukaanza kujaa tena. Pantoni likasimamishwa, maji yalikuwa na nguvu. Asubuhi moja wavutaji wakaita: ng'ambo kuna mtu. Tukatoka. Alikuwa Galgalo, amelowa, na punda mmoja, na furushi la ngozi ya ng'ombe kichwani. Alikuwa ametembea peke yake kutoka mbali, akirudi nyuma wakati wenzake wanakwenda mbele. Yule mvutaji wetu wa meko akasema, "Huyo nitamchukua mimi," akatia mtumbwi majini akamfuata, punda akabaki ng'ambo, na maji yakawachukua chini sana kabla hawajagusa ukingo wetu.

Galgalo aliliweka furushi kaunta. "Nimechelewa," akasema. "Mtoto yangu aliugua njiani. Amepona. Nagaa?"

"Nagaa," Bi Esha akamjibu amani kwa amani, lakini macho yake yako kwenye ngozi.

Nikafungua. Redio kavu kabisa. Ndani hamna betri. Nikafungua mgongo, na harufu ya moshi ikanipiga usoni. Lo! Nikakumbuka meko, nikakumbuka nta iliyotiririka. Nikamtazama Galgalo. "Mzee, uliitundika juu ya moto?"

Akakasirika. "Wewe ulikataza! Mimi si mtoto." Akachomoa kutoka ngozi ile ile kibuyu kikubwa cha maziwa, kile ambacho wanawake wa Kiorma hukifukiza kwa kijinga cha moto mpaka kinanukia, akakigeuza. Betri ikatoka, imeviringwa kwa kitambaa. Kibuyu kilichofukizwa ndicho kitu kikavu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Na redio ilikuwa imesafiri imekumbatiana nacho, ngozi moja. Nta ilikuwa salama, valvu zote nzima.

Nikafunga betri. Kimya. Bwana Abdalla akafumba macho. Nikajaribu tena, kimya. Kisha akili ikanirudia: betri imekwisha, masikini, wameisikiliza mpaka tone la mwisho. Nikachukua mpya rafuni. Redio ikakohoa kidogo, ikaanza kuimba.

Tulimtuma mtu Hewani. Komora na Mama Buya walifika siku iliyofuata. Mama Buya aliingia, akaweka kiganja chake juu ya mbao zile, akasimama hivyo. Kisha akainama kuinusa, akacheka na machozi yanamshuka. "Inanuka maziwa," akasema. "Kama nyumba yangu mwaka huu."

Komora akamwambia Galgalo ng'ombe wake yuko tayari, amenenepa, ndama wake mkubwa, na tena ana mimba. Galgalo akakataa kumchukua. Alisema ng'ombe mwenye mimba, safari itamchosha. Akae. Kiangazi atarudi mtoni, atamfuata, na akija atakaa kidogo kusikia kisomo, kama mwenyewe ataruhusu. Komora hakuwa mtu wa maneno. Alichomoa waya wa kunasia sauti, akamkabidhi Galgalo ashike ncha, wakatoka wote wawili kuutupa juu ya mkoma.

Bwana Abdalla akaja na vipuli. Hakumpa mkononi. Alimvisha mwenyewe, mbele yetu sote, kwa vidole vyake vizito vya kupima sukari, na ilimchukua muda kwa sababu vitundu vilikuwa vimeanza kuziba. Bi Esha alivumilia. Sijui kama alijua kwamba nimemwona akitabasamu.

Redio ile niliitengeneza mara nyingi baadaye huko Hewani, mpaka valvu zake zikakosekana madukani. Kila nilipofungua mgongo, moshi wa kibuyu ulikuwa bado umo.

Sasa wewe uliyeketi hapo na simu yako mkononi. Siipimi leo. Iache hapa mezani, betri nitaitoa mimi kama inatoka, siku hizi hata hazitoki. Nenda nyumbani, ule, ulale bila yake. Kesho njoo unipe jibu. Na usije peke yako. Njoo na aliyekungoja ulipokuwa ukiitafuta.